Ukishikwa kwenye daladala au mwaloni uanzie wapi? Nimelinganisha njia tano tulizonazo hapa Mwanza

Niseme mapema kabisa, mi sio mwanasheria na wala sifanyi kazi kwenye shirika lolote. Mi nachuuza dagaa. Naamka saa tisa usiku niwahi Mwaloni pale Kirumba, ziwani mitumbwi inaposhushia mzigo, kabla mzigo haujagombaniwa, na nina binti wa fom tuu ambaye kila asubuhi anapandia daladala Igogo kwenda shule njia ya Nyegezi. Kwa hiyo hii habari ya kushikwa shikwa, kupigiwa miluzi na kutupiwa maneno machafu naijua kwa pande mbili, ya kwangu mwaloni na ya mwanangu mlangoni pa hiace.

Kilichonifanya niandike ni kwamba kila mtu ukimuuliza nifanyeje anakujibu "karipoti", basi, kama vile kuripoti ni duka moja lenye mlango mmoja. Sio kweli. Milango ni mitano hivi na kila mmoja una bei yake, na mwaka jana mi mwenyewe nilichagua mlango usio sahihi kwa mwanangu, nitaeleza mbele. Nimezilinganisha kwa vitu vinne: inachukua muda gani, inakula hela kiasi gani, aibu inabaki kwa nani, na la nne ambalo zamani sikulifikiria, je huyu mtu kesho hatamfanyia msichana mwingine?

Njia ya kwanza, kukwepa

Hii ndo tunaichagua wote bila hata kujua tumechagua. Konda fulani ana mikono mirefu, unasubiri gari lingine. Vijana wa kijiweni wanazomea, unazunguka njia ya juu. Na sisi tunaokaa milimani, Igogo, Mabatini, Bugarika, mnajua njia zetu zilivyo, ni vichochoro kati ya mawe makubwa, ngazi za kuchongachonga, ukizunguka unaongeza dakika ishirini na huko unakozunguka ndo giza zaidi.

Ni ya haraka, hakuna anayejua, hakuna kugombana na mtu. Ila tupige hesabu. Nauli ya mwanafunzi ni 200, kwenda na kurudi 400. Nilipomtoa binti kwenye daladala nikamuweka kwenye bodaboda nilikuwa nalipa 1500 kila safari, kwa siku 3000. Tofauti ni 2600 kwa siku, zidisha siku 22 za shule unapata 57,200 kwa mwezi. Kwa mchuuzi wa dagaa hiyo sio hela ya kuchezea, na nilikuwa nailipa mimi kwa sababu ya mkono wa mtu mwingine ambaye yeye hajapungukiwa hata mia.

Halafu boda yenyewe. Kwenye daladala kuna abiria ishirini wanaona, kwenye boda ni yeye na dereva tu. Wengi ni vijana wazuri wanaotafuta riziki, ila sote tunazijua hizi lifti za bure za wanafunzi zinavyoanzaga, leo lifti, kesho chipsi, keshokutwa "utanilipa nini". Sheria ya elimu ilirekebishwa 2016 na anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na miaka 30 jela, lakini miaka 30 inakuja wakati mtoto ameshaharibikiwa. Kama lazima utumie boda basi awe mmoja, unajua kijiwe chake, unajua kwake, na umlipe wewe mzazi mwenyewe, mtoto asishike hela wala asiwe na deni naye.

Kwenye kukwepa naweka na ile ya "vaa vizuri". Jamani mi mwaloni navaa gamboti, dera juu ya suruali, kanga mbili, na nanuka dagaa kuanzia unywele hadi kisigino, na bado kuna mtu giza la saa kumi alinipapasa wakati nimebeba ndoo kichwani mikono yote iko juu. Sasa hapo ningevaa nini tena, tenga?

Kukemea hapo hapo

Haina gharama, na ndo ya haraka kuliko zote. Lakini inategemea sana uko wapi na nani yuko upande wako.

Nimegundua kuna namna ya kukemea inayofanya kazi na kuna isiyofanya. Ukisema "jamani!" au "acha bwana!" watu wanageuka, hawajui nani kafanya nini, wanacheka, imeisha. Ukimtaja mtu kwa nguo yake na kitendo chake, "wewe kaka wa shati jekundu, toa mkono wako mwilini mwangu", gari zima linamuangalia yeye na sio wewe. Aibu inahama. Ukisema kwa sauti kavu bila tusi ni bora zaidi, maana ukitukana mazungumzo yanageuka kuwa matusi yako.

Na hii kazi sio ya anayeshikwa peke yake, hapa ndo naomba tuelewane. Msichana wa miaka 14 hataweza kusema hayo, anaganda. Wewe abiria unaweza kuharibu tukio bila ugomvi wowote: "mwanangu njoo ukae huku", unamvuta kwako. Au unamuuliza konda chenji yako hata kama hukumpa hela, anageuka kukubishia na mtoto anapita. Mama mmoja wa Mkuyuni alifanya hivyo hivyo kwa binti yangu kabla mimi sijajua lolote, wala hatujuani, wabeja sana mama popote ulipo. Ukishamtoa, muulize yuko salama? anashukia wapi? na ukariri namba ya gari, kesho inaweza kuhitajika.

Mahali nisipoishauri ni stendi usiku ukiwa peke yako na wapiga debe wote ni marafiki zake. Pale unakemea mmoja wanazomea kumi. Wakenya wanajua hili lilivyo, Nairobi mwaka 2014 wanaume kituoni walimvua mwanamke nguo hadharani kisa mavazi, wanawake wakaandamana, na mwaka huo huo bunge lao likaongeza kosa la kumvua mtu nguo kwenye sheria. Kundi likishapata moto hata maneno yako ya sawa ni petroli. Hapo toka kwanza, pigana baadaye kwa njia nyingine.

Na je inamzuia kwa anayefuata? Kidogo. Anajifunza kwamba wewe unasema, anamtafuta asiyesema.

Viongozi wa kijiwe, wa stendi, au BMU ya mwalo

Hapa nitakaa kidogo maana watu wanaidharau hii njia na wengine wanaiamini kupita kiasi, mi nimewahi kuwa kundi zote mbili.

Nguvu yake ni nini? Ni kwamba huyu kijana hamuogopi polisi kama anavyomuogopa mtu anayeweza kumtoa kazini. Konda anaishi kwa gari, gari lina tajiri wake, stendi ina viongozi wake. Boda ana kijiwe chenye mwenyekiti na anayesimamishwa kijiweni hapati abiria. Mwaloni napo kuna BMU, hivi vikundi vya kusimamia uvuvi vinatambulika kisheria, vimo kwenye Sheria ya Uvuvi ya 2003, na mwenyekiti wa BMU makini anawajua wenye mitumbwi na anajua kijana gani anavulia kwa nani. Kwa hiyo malalamiko yako yanafika kwa tajiri mwenye mtumbwi kabla jua halijawaka. Spidi hiyo ofisi nyingine hawana.

Kwa wanawake wa mwaloni hili ni kubwa kuliko matusi tu. Anayeamua nani apate dagaa kwanza ana nguvu juu yako, na wapo wanaoitumia hiyo nguvu vibaya. Wenzetu upande wa Kenya kuna jina kabisa, jaboya, yaani mvuvi anayempa mwanamke samaki kwa kubadilishana na mwili. Huku kwetu jina hatuna ila ukikaa mwaloni masika mawili unaelewa. Sasa hiyo hukemei kwa sauti ukaondoka, maana kesho unarudi kwake kuomba mzigo. Hapo panahitaji utaratibu: ndoo zipangwe kwa foleni, bei itajwe wazi, mzigo uuzwe kwenye mwanga na sio ndani ya mtumbwi gizani. Kikundi chetu tuliomba vitu viwili tu, foleni na taa sehemu ya kupimia, na niwaambie ukweli foleni imepunguza kushikwa kuliko hotuba zote nilizowahi kusikiliza, kwa sababu ile fujo ya kugombania ndoo ndo ilikuwa kichaka cha wenye mikono.

Dar wameshafanya kitu kama hiki masokoni, shirika la Equality for Growth lilikuwa na kampeni inaitwa Mpe Riziki Si Matusi, wakakaa na viongozi wa masoko ikatengenezwa miongozo ya soko yenyewe inayokataza lugha chafu na kushikana, na anayevunja anapigwa faini. Soko linajisimamia. Ukiwa na kikundi, cha vikoba au cha wachuuzi, hii ndo ningeianza kesho.

Daladala nazo zina mlango wa pembeni, LATRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti usafiri wa ardhini. Wao ndo wanaotoa leseni ya njia, kwa hiyo lalamiko lenye namba ya gari, tarehe na saa linamgusa mwenye gari. Bila namba ya gari ni hadithi tu.

Sasa udhaifu. Hawa viongozi ni wenzake. Jana walikula wote. Watakuita, watamuita, ataambiwa aombe msamaha, utaletewa soda, na mzee mmoja atasema "mama tuyamalize, kijana bado mdogo". Hakuna karatasi. Na kuna mahali kiongozi mwenyewe ndo ana tabia hiyo, sasa unampelekea fisi kesi ya mbuzi.

Na huko ndo mi nilikopeleka kesi ya mwanangu. Konda alikuwa anamshika kila anapopanda, na mnajua kwa nini ni wanafunzi zaidi, ni kwa sababu denti analipa 200 konda hamtaki, anawazuia mlangoni wanabanana, halafu anawaingiza mmoja mmoja dakika ya mwisho kwa kuwavuta na kuwasukuma, na ndani ya ule msukumano anafanya anachotaka na hakuna anayeweza kusema ilikuwa makusudi. Nikaenda kwa viongozi wake. Walinisikiliza vizuri kwa kweli, wiki hiyo hiyo akaondolewa kwenye gari lile. Nikarudi nyumbani nikijiona nimeshinda.

Serikali ya mtaa

Nitaipita haraka. Mjumbe, mwenyekiti wa mtaa na mtendaji ni wazuri kwa tatizo la mahali, sio sana kwa tatizo la mtu. Pagala ambalo vijana wanakaa wakivuta na kusumbua wasichana wa shule, kichochoro kisicho na taa, banda lililozuia njia watu wanapita wamebanana, haya peleka mkutano wa mtaa, na usiende peke yako, nendeni wanawake kumi mkae mbele. Hata kumuomba mama wa vitumbua ahamishie meza yake kwenye ile kona mbaya asubuhi ni ulinzi, mahali penye biashara pana macho. Sisi Wasukuma na sungusungu yetu tunajua jamii kulinda mahali tangu miaka ya themanini, ila kumkamata mwizi wa ng'ombe na kumshughulikia kijana mzomeaji sio kitu kimoja, na fimbo za sungusungu kwa tuhuma sizitaki kabisa, anaweza kupigwa asiyehusika.

Jambo moja la kujua: Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mtu yeyote kwenye jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aipeleke kwa serikali ya mtaa au kijiji. Yeyote. Sio mzazi tu. Afisa ustawi wa jamii naye anaingia hapo.

Dawati la Jinsia na Watoto, polisi

Hii ndo ya polepole kuliko zote, na kwa nguvu hakuna inayoikaribia.

Wengi hawajui kwamba hata maneno ni kosa. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 138D, kilichoingizwa na ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, kinasema anayemsumbua mtu kingono kwa maneno au vitendo anaweza kufungwa hadi miaka mitano, au faini isiyozidi shilingi laki mbili, au vyote, na mahakama inaweza kuamuru akulipe fidia. Na kwa mwanamke kinagusa hadi sauti na ishara zinazokusudia kumdhalilisha. Kwa hiyo "mi sikumgusa" sio utetezi. Akigusa kuna kosa jingine la shambulio la aibu. Laki mbili kwa miaka hii ni ndogo, nakubali, ila miaka mitano sio midogo.

Gharama: kuripoti ni bure, RB (ile namba ya kumbukumbu ya taarifa yako polisi) ni bure, akikuomba mtu hela ya RB ujue hiyo ni yake binafsi. Unachopoteza ni muda, siku ya kazi, nauli za kwenda na kurudi, na shahidi wako naye apoteze siku yake. Dagaa hawasubiri. Hili lazima tuseme maana ndo linalowarudisha watu nyumbani, sio ujinga. Na mapokezi yanatofautiana, kuna askari wa dawati anayekupeleka chumba cha pembeni anakusikiliza kama dada yake, na mi kwenye kituo kimoja niliwahi kuulizwa kaunta mbele ya watu "kakushika wapi hasa, onyesha". Ukikutana na hiyo omba dawati kwa jina lake, "naomba afisa wa Dawati la Jinsia, wa kike kama yupo", na ukiweza nenda na mtu. Hapa Mwanza pia tuna shirika la Kivulini, wamekuwepo tangu 1999 wakishughulika na haki za wanawake na wasichana, na wasaidizi wa kisheria wapo kwenye kata nyingi, msaada wao ni bure.

Kwa mtoto kuna simu 116, bure, hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Na ikishafika ubakaji hii habari yote ya kulinganisha ifute, ni hospitali haraka ndani ya saa 72 ili dawa za kuzuia VVU zifanye kazi, asioge, nguo zisifuliwe, na polisi.

Siri hapa ni nzuri kuliko kijiweni kama dawati liko sawa. Na kwa yule anayefuata ndo hapa peke yake panapobaki maandishi. Jina lake liko kwenye kitabu. Akija mwingine wa pili kulalamika hakuna atakayesema ni mara ya kwanza.

Sasa uchague ipi

Mi leo ningepanga hivi. Maneno, miluzi, kuzomewa na vijana wa sehemu moja kila siku: anza na mwenyekiti wao, nendeni wengi, na mpe siku, sio "tutaona". Tatizo ni la mahali, giza au msongamano: mtaa, au mwaloni BMU, dai foleni na taa. Kushikwa mara moja na mtu usiyemjua kwenye gari: kemea kama pana watu, shika namba ya gari, halafu dawati ukiwa na nguvu hiyo, na kama huna nguvu hiyo sikulaumu. Bosi au mwenye mzigo anayekubana ili upate riziki: usiende peke yako popote, andika tarehe na alichosema, meseji usifute, tafuta msaidizi wa kisheria kwanza ndo mwende pamoja.

Mtoto wa chini ya miaka 18 akishikwa, hata mara moja, hata "kidogo": dawati moja kwa moja. Wakikuita kuyamaliza kijiweni usikae hata kwenye kiti. Wakishakukalisha na soda iko mezani kunyanyuka ni kazi, naijua.

Kukwepa tumia kama mwavuli wakati mvua inanyesha, wiki moja mbili huku unafuatilia njia nyingine. Hesabu ya 57,200 umeiona.

Na yule konda kwa wanaotaka kujua. Wiki mbili zilizopita nilipeleka gunia la dagaa kwa mteja Igoma, nikiwa nasubiri usafiri wa kurudi nikasikia sauti naifahamu inaita Kisesa Kisesa Kisesa. Yeye. Amenenepa. Mlangoni watoto wa shule kama kumi wamezuiwa, gari likaanza kutembea ndo akaanza kuwavuta ndani mmoja mmoja. Hakuna aliyeandika jina lake popote kwa hiyo kwa watu wa njia ile ni konda mpya tu. Namba ya gari nimeiandika nyuma ya daftari la madeni, binti yangu nimemuuliza kama yuko tayari kuongea, amesema tukienda niombe awe askari wa kike. Jumatatu sichukui mzigo.